Pipa la Mama Chacha

Ninyi vijana wa maghala ya leo mna kile kidude chenye msumari. Mnakichoma kwenye gunia, kinawaandikia namba, mnaipiga picha kwa simu, mnaondoka. Sikatai, kidude ni kizuri. Lakini juzi mmoja wenu alikuja hapa Morotonga kunisalimia, akanipa shikamoo safi kabisa, halafu akaniuliza, "Mzee Mwita, enzi zenu mlijuaje kama mahindi ni mabichi?" Alivyouliza ni kama vile tulikuwa tunapiga ramli. Nikamwambia, mura, kijana wangu, kaa chini nikueleze. Akakaa kidogo, simu ikaita, akaaga. Basi yale ambayo hakuyasikia nawaandikia ninyi wengine, labda mna muda.

Sisi tulikuwa na mkono. Unafungua gunia, unakunja shati hadi begani, unazamisha mkono mpaka katikati unatulia. Mahindi mazima yana ubaridi. Ukikuta joto mle ndani, joto kama la chini ya kuku anayelalia mayai, ujue kuna kitu hai, na si funza peke yake. Halafu tulikuwa na jino. Punje kavu ukiing'ata inakatika kwa mlio, punje mbichi inakubali jino kama muhogo wa kuchemsha. Halafu pua. Mimi soko zima la Tarime waliniita Bwana Pua, na pua yenyewe kama mnavyoiona, Mungu hakunibania.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, mtunza ghala mkuu wa pale Tarime. Baba yake alitoka Pangani akaja kuuza nguo, yeye akazaliwa hapahapa, akaoa Mkurya, na Kikurya alikizungumza kuliko mimi. Ijumaa alivaa kanzu, siku nyingine ovaroli ya kaki yenye viraka. Hakuwa mtu wa kelele. Ukikosea alisema tu, "Mwanangu, rudia." Neno hilo liliniuma kuliko kofi. Nimewahi kurudia kupanga magunia ya ghala zima kwa sababu niliyagusisha na ukuta. Ukuta wa Tarime usiku unapoa, asubuhi jua likipiga mabati hewa ya ndani inakuwa ya moto, ikikutana na ukuta ule inageuka maji. Gunia linalowana na mvua haijanyesha. Kwa hiyo tuliacha nafasi ya mtu kupita kati ya ukuta na magunia, na chini tukaweka vichanja vya mbao, maana sakafu nayo inatoa jasho.

"Kuvu ni mgeni wa vitu vitatu," Mzee Shabani aliniambia. "Anataka unyevu, anataka joto, anataka hewa. Mnyime hata kimoja, atakaa kimya. Mpe vyote vitatu, siku chache tu anakuwa mwenye nyumba."

Nikamwuliza, na ukimfukuza je?

"Ukimfukuza ataondoka. Lakini alichokitema kinabaki kwenye punje. Hakioshwi, hakianikwi, hakichemki kikaisha."

Neno sumukuvu lilikuja baadaye sana, na semina na chai ya saa nne. Sisi tulisema mahindi yameharibika, basi. Na watu wetu walikuwa na akili moja mbaya: mahindi yakiota ukungu wa kijani, wanayaosha, wanayaanika, wanayapikia pombe. Wanasema pombe inaua kila kitu. Ningekuwa na sauti ya kuwafikia wote ningewaambia kwamba pombe inaua mnywaji tu, ile sumu inaiacha kama ilivyo.

Jambo la joto nataka mlielewe vizuri, kwa sababu kila mtu analielewa kinyume. Kuvu haipendi joto la kuunguza. Inapenda joto la chumba wanacholala watu. Tulikuwa tunapeleka mahindi Natta, kule karibu na mapori ya wanyama, kwenye stoo moja ya mabati yenye paa la chini sana. Mahindi yaleyale, magunia yaleyale. Yaliyobaki Tarime kwenye baridi yetu yalikaa mpaka mavuno mengine yakiwa mazuri. Ya Natta yalianza kutoa harufu kabla hata mwenye stoo hajazoea ufunguo wake. Yalikuwa na unyevu kidogo tu wa ziada, baridi ya Tarime ilikuwa inausamehe, Natta haikusamehe.

Sasa kuhusu chumvi. Hiyo nayo mmeisahau. Unachukua chupa kavu, unatia chumvi kavu kidogo, unatia mahindi mpaka theluthi moja, unatikisa, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Isipoganda, pokea. Mzee Shabani aliponikabidhi chupa ile nilijiona daktari. Wiki ya kwanza nikamkataa mama mmoja aliyeleta mahindi kwa punda kutoka upande wa Kerende, mwendo wa kutwa. Nikamwonyesha chupa: tazama, chumvi imeshika. Rudi nayo ukaanike.

Mama yule hakubishana. Alikuwa mrefu, mweusi, amefunga kitambaa cha njano, na alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka wewe ndiye uangalie pembeni. Akasema, "Mwaga mahindi. Bakiza chumvi peke yake. Tikisa."

Nikatikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo vilevile.

"Mtu wa ghala," akasema, "kibichi hapa ni chumvi yako."

Watu kwenye foleni walicheka mpaka Mzee Shabani akatoka ofisini. Mimi chumvi nilikuwa nimeiacha wazi dirishani, na chumvi yetu ya mawe inakunywa maji ya hewani. Yule mama akaomba kikaango kwa mama ntilie wa jirani, akaikaanga chumvi mwenyewe mpaka ikakauka, akanipa. Tukarudia. Mahindi yake yalikuwa makavu kabisa. Mzee Shabani akaniangalia, hata "rudia" hakusema.

Huyo ndiye Mama Chacha. Tangu siku hiyo kila akileta mahindi alinitafuta mimi. Alikaa juu ya gunia, akanywa chai yangu, akanifundisha mambo ambayo hata Mzee Shabani hakuyajua: kwamba mahindi ya kupukuchua kwa kupiga fimbo yanapasuka na kuvu inaingia kwenye ufa, kwa hiyo yeye anapukuchua kwa mkono hata vidole vichubuke. Kwamba gunzi linabaki bichi wakati punje imeshakauka. Kwamba mtu anayevuna kwa haraka anavunia panya. Tulicheka sana. Mimi sina mama tangu nikiwa mdogo, na siwezi kuwaficha, nilikuwa nahesabu siku za yeye kuja.

Halafu nikafanya kosa la kumpenda binti yake.

Nasema kosa kwa utani, Ghati mke wangu asinisikie, amekaa hapo nje anachambua dagaa. Lakini ninyi mnajua mila zetu, na msiojua nawaambia. Ukishaoa, mama mkwe wako humtazami usoni. Huingii nyumbani mwake. Huketi naye, huli mbele yake, mkikutana njiani mmoja anapisha kichakani. Siyo chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Siku ng'ombe walipopelekwa kwao nilifurahi kama mtu yeyote anayeoa, na jioni yake ndipo nilipogundua kwamba nimepata mke na nimempoteza rafiki yangu wa chai. Hakuja tena ghalani. Mahindi alimtuma Chacha, mwanawe mkubwa. Miaka kumi na moja nilikuwa mkwe wake, na miaka yote hiyo sikuuona uso wake vizuri hata mara moja.

Tulizungumza kwa ukuta. Nikifika nilikaa uani chini ya mabati ya jiko, yeye akakaa ndani au nyuma ya nyumba, Ghati akawa katikati. Ndivyo tulivyoliweka lile pipa. Mzee Shabani alikuwa amenifundisha kuhifadhi kwa kunyima hewa: unachukua pipa la chuma la mafuta lililooshwa vizuri likakauka, unajaza mahindi makavu mpaka karibu na mdomo, unasimamisha kipande cha mshumaa juu yake, unakiwasha, unafunga mfuniko na kuuzungushia mpira wa ndani wa tairi na mafuta ya ng'ombe. Mshumaa unakula hewa iliyobaki, unazimika. Wadudu wanakufa, kuvu inakosa pumzi. Nilimpelekea Mama Chacha pipa kama hilo, nikalipaka mstari wa kijani wa ghala letu. Majirani walipoona nawasha mshumaa juu ya mahindi walisema mkwe wa Mama Chacha anayaombea mahindi marehemu.

Nyuma ya nyumba sauti ilitoka: "Ghati, mwambie mume wako atikise pipa, mahindi yashuke, aongeze mengine."

Ghati akanigeukia. "Mama anasema utikise."

"Mwambie mama nimetikisa."

"Mama, anasema ametikisa."

"Mwambie hajatikisa, nasikia."

Ghati akasimama, akajishika kiuno. "Mnasikiana wenyewe. Mimi nimekuwa redio?" Tukacheka wote watatu, sisi huku, mama kule. Nawaambia kweli, kicheko kile cha nyuma ya ukuta nakikumbuka kuliko mishahara yangu yote.

Halafu ikaja dhahabu.

Ninyi mnaijua dhahabu ya uzio na magari makubwa. Sisi tuliijua ya watu wenyewe, ya moto wa kupasulia mwamba na jembe na tochi ya kichwani. Kuanzia Kerende mpaka vilima vyote vya Nyamongo watu walitoboa ardhi. Walikuja kutoka Geita, kutoka Kenya kupitia Sirari, kutoka kila mahali. Sikuwa nawachukia. Mtu aliyeamka hana kitu akalala na ng'ombe wawili, utamwambia nini? Lakini kwa mtu wa ghala ilikuwa vita. Vijana wa kubeba magunia waliisha. Wavunaji wakawa wanavuna mahindi yangali na maji, ili warudi shimoni haraka. Na wanunuzi wa machimboni walipokea chochote, hata mahindi ambayo ukiyafinya yanatoa maziwa, maana wachimbaji wana njaa na hawaulizi. Yaliwekwa kwenye mahema ya turubai la bluu, jua juu, watu ndani, masufuria yanachemka. Unyevu, joto, hewa. Yule mgeni wa Mzee Shabani hakuwahi kukaribishwa vizuri namna ile.

Na mapipa yakapotea. Hapo ndipo penye kisa changu. Mchimbaji anahitaji pipa la maji ya kuoshea mchanga, na akilikata kwa urefu anapata mabeseni mawili. Mapipa yote ya wilaya, ya mafuta, ya pombe, ya nafaka, yalishuka Nyamongo. Hata ghalani waliiba mawili.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Mugumu, nimejenga hapa Morotonga. Siku moja baada ya mavuno nikapita Kerende kumsalimu shemeji yangu Chacha shimoni kwake. Kijana mzuri yule, nasema hivyo mpaka leo, mwenye mdomo mtamu na mkono wa kutoa. Nikamkuta ameinama anaosha mchanga kwenye nusu ya pipa. Ubavuni kulikuwa na mstari wa kijani.

Tukatazamana. Aliona nimeona.

"Shemeji," akasema, "nimeazima tu."

"Umeazima pipa ukalikata?"

"Mama hajui limekatwa. Nimemwambia nitalirudisha mwezi huu." Akanikamata mkono, vidole vyake vimejaa tope. "Nikipata, namnunulia mawili. Tafadhali, usimwambie. Ataniona mimi si mtoto wake tena."

Nikamwambia sawa. Vijana, nimesema "sawa" mara nyingi maishani, ile ningelipa ng'ombe kuirudisha.

Kwa sababu nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Mavuno yameingia, pipa halipo, machimboni wezi wamejaa kwa hiyo kihenge cha nje hakifai. Mahindi yako wapi? Yako ndani, kwenye viroba vya plastiki, chumbani kwake, uvunguni mwa kitanda, mkabala na jiko la ndani. Yeye alikuwa mkaushaji hodari, lakini mwaka huo vuli iliwahi, na watu wa kumsaidia kuanika walikuwa shimoni. Mtunza ghala yeyote angeweza kuchora picha ya chumba kile bila kukiona. Pumzi ya mtu, mvuke wa sufuria, viroba visivyopumua.

Nikaenda nyumbani kwake jioni hiyohiyo. Nikakaa uani mahali pangu. Ghati hakuwapo, alikuwa Morotonga na mtoto mchanga, kwa hiyo hapakuwa na redio. Nikatoa shikamoo kuelekea ukutani.

"Marahaba, baba Wankuru," ikajibu sauti ndani. Wankuru ni binti yetu wa kwanza. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo mama. Mvua imewahi mwaka huu."

"Imewahi."

Nilitafuta namna. Mkwe haulizi kilicho chumbani mwa mama mkwe, ni sawa na kuuliza nguo zake. Nikazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani, mwishowe nikasema, "Mama, pipa halijapata kutu?"

Najua sasa kwa nini alinijibu alivyonijibu. Alikuwa anamkinga mwanawe nisimdharau.

"Pipa lipo, baba," akasema. "Halina shida."

Mimi nilikuwa nimetoka kuliona sasa hivi, limekatwa vipande viwili. Na mimi nilikuwa namkinga yuleyule mwanawe.

Nikasema, "Haya mama."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote. Nimefukuza malori ya mahindi ghalani, nimegombana na wanunuzi wenye mapanga, na kwa mwanamke niliyempenda kama mama yangu nilishindwa kusema, mama, hapana, nimeliona.

Nikajipa moyo kwa mpango. Nitatafuta pipa jingine, nitalipaka mstari, nitalileta nilijaze, pasiwe na neno kwa mtu yeyote. Huo ndio ujanja wetu wanaume wa huku, tunataka kutengeneza bila kukiri kwamba kitu kimevunjika. Nikatafuta Mugumu, hakuna. Tarime hakuna. Mzee Shabani, ambaye alikuwa ameshastaafu, akanicheka, akasema pipa sasa hivi ni kama mke wa pili, uwe na ng'ombe. Nilikuja kulipata Musoma, vuli ikiwa imekwisha na watu wanapalilia. Nikalipakia kwenye lori la samaki, nikalisugua majivu siku mbili kulitoa harufu.

Nilipofika nalo Kerende, watu walikuwa wamejaa uani. Mama Chacha alikuwa anaumwa. Tumbo limejaa, macho ya njano, hali chakula. Ghati alikuwa ameshaitwa, amewahi kabla yangu. Alikuwa amelala na mama yake chumba kimoja siku tatu, na alikuwa ameviona viroba vya uvunguni. Akanitoa pembeni, akaliangalia lile pipa jipya, akaniangalia mimi.

"Ulijua," akasema.

Nikamweleza yote, shimo, Chacha, ukuta.

"Mimi mlango ule haukunikataza," Ghati akasema. "Mimi ni binti yake. Ungeniambia mimi, ningeingia, ningeyatoa." Hakupaza sauti. Miaka thelathini na zaidi tumeishi pamoja, na hajarudia neno hilo hata siku tulizogombana vibaya. Kusema mara moja kulitosha.

Hospitali walisema ini. Siwezi kuapa kwenu kwamba ni mahindi. Watu huumwa ini kwa mengi, na mimi si daktari, ni mtu wa magunia. Lakini najua alichokuwa anakula kila siku kwa miezi mitano. Alifariki kabla mahindi ya shambani hayajachanua. Chacha alilia akijipiga kifua kwenye kaburi, nikamshika mimi, na wote wawili tulijua tunachokililia, hatukuambiana.

Ndiyo maana nawaandikia. Mtafundishwa vipimo, na mtavijua kuliko sisi. Mtaelezwa kwamba mfuko usiopitisha hewa unataka mahindi makavu kwanza, na kwamba ukiufungua kila asubuhi kuchungulia umeipa kuvu pumzi. Yote ni kweli, yashikeni. Lakini mahindi mengi ya nchi hii hayapo ghalani. Yapo uvunguni mwa kitanda cha mtu ambaye una aibu kumwuliza. Mila iheshimuni, mimi naiheshimu mpaka leo, mkwe wangu wa kiume hajanusa chumba cha Ghati. Ila mila haikukataza kumtuma mwenye ruhusa. Mimi nilijifungia mlango ambao mila ilikuwa imeuacha wazi, nikaita heshima. Ulikuwa woga.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wakati wa kugawa vitu, Ghati alikuja uani akaniambia, "Ingia utoe yale mahindi. Hayupo wa kumwonea aibu."

Nikaingia. Ilikuwa mara ya kwanza. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijenga kichwani, kitanda cha kamba, kitambaa chake cha njano kimetundikwa msumarini. Viroba vilikuwa vinne uvunguni. Nikazamisha mkono kwenye cha kwanza, nikakutana na joto, mwenyewe amezikwa, mahindi yake bado yana joto. Nikavitoa kimoja kimoja, nikamwambia Chacha achimbe shimo refu tuvifukie, wasipewe hata kuku.

Nilipotoa cha mwisho nikaona nyuma yake, kwenye pembe yenye ubaridi, dumu la lita ishirini limezibwa kwa nta na kufungwa mpira. Nikalibeba mpaka mwangani nikalifungua. Mahindi mazuri, yaliyopukuchuliwa kwa mkono, hata punje moja haikuwa na ufa.

"Hayo ni ya watoto wetu," Ghati akasema mlangoni. "Aliniambia akiumwa, aliyachagua yote siku mvua ilipoanza, punje kwa punje. Tulikuwa tukija tunapikiwa hayo. Mimi kabla ya hapo sikujua kama yapo mengine."

Dumu lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Nikachota nikamimina kiganjani, nikayatafutia kosa kama nilivyozoea, kwa mkono, kwa jino, kwa pua. Sikuliona. Yalikuwa mahindi makavu kuliko yote niliyowahi kupokea katika kazi yangu, na kwa miezi mitano, kila alipopiga magoti kuchota chakula chake, yeye alikuwa ameyaruka hayo akachota yale mengine.